Mgambo wa Westfall na Ujira wa Waashi

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Hayo wazee wetu walikwisha kuyanena, na hakuna wa kuyapinga. Lakini mbiu huwaita watu washike silaha tu. Haiwaambii jambo lenyewe lilizushwa na nani. Mfano wa haya twaupata pahali ambapo msomaji huenda asiutazamie, ndani ya mchezo wa kompyuta upendwao na vijana, World of Warcraft, uliotolewa na kampuni ya Blizzard ya Marekani mwaka 2004.

Mchezo huo ni ulimwengu mzima wa kubuni, wenye falme, mazimwi na wachawi. Katika ufalme wa Stormwind mna jimbo la mashamba liitwalo Westfall. Jeshi la mfalme limeondolewa huko, na wakulima wameachiwa wanyang'anyi wafungao vitambaa vyekundu usoni, kundi la Defias. Hapo ndipo alipoinuka bwana mmoja, Gryan Stoutmantle, akaunda Mgambo wa Wananchi. Watu wake ni wachache mno, hata humwomba kila mpita njia, yaani mchezaji, awasaidie kuwaua wanyang'anyi hao. Katika jimbo jirani la Duskwood, lililotupwa vivyo hivyo, wenyeji wa mji wa Darkshire nao wameunda kikosi chao cha ulinzi wa usiku.

Hapo hatuna la kuwalaumu. Hata huku kwetu Afrika Mashariki, Wasukuma na Wanyamwezi walipoanzisha sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kupambana na wezi wa ng'ombe, sababu yao ilikuwa hiyo hiyo. Anayeibiwa usiku hawezi kungoja serikali iamke asubuhi.

Ama hao Defias ni nani? Walikuwa waashi. Mji wa Stormwind ulipobomolewa vitani, wao ndio walioujenga upya, jiwe juu ya jiwe, chini ya fundi wao Edwin VanCleef. Kazi ilipokwisha, mamwinyi wa mji wakakataa kuwalipa. Waashi wakafanya ghasia, jiwe lililorushwa likamuua Malkia Tiffin, nao wakakimbilia Westfall wakawa wanyang'anyi. Hadithi yasema kwamba nyuma ya mamwinyi hao palikuwa na joka jeusi lililojigeuza bibi wa heshima. Lakini joka lilinong'ona tu. Walioitikia ni wanadamu.

Sisi tuliofunzwa tangu chuoni kwamba kibarua hulipwa kabla jasho lake halijakauka twajua aliyedhulumu kwanza ni nani. Wala hilo halimpi VanCleef haki ya kumpora mkulima ambaye hakumkopa hata senti. Dhuluma haifutwi kwa dhuluma. Msiba wa Westfall ni kwamba wanaouana ni mkulima na mwashi, maskini kwa maskini, na mwenye deni amekaa salama nyuma ya kuta alizojengewa bure.

Mgambo wakashinda. Mchezaji akampelekea Stoutmantle kichwa cha VanCleef, akapewa zawadi. Je, jambo likaisha? Mwaka 2010 watungaji walipotoa sehemu mpya ya mchezo, Cataclysm, alitokea Vanessa, binti VanCleef, aliyeshuhudia babake akiuawa. Akalifufua kundi kutokana na mafukara waliojaa jimboni, na ngome ya mgambo kilimani Sentinel ikatiwa moto.

Atasema mtu kuwa huo ni mchezo tu wa watoto. Na ngano za sungura na fisi je, hazikuwa za watoto? Mafunzo hayachagui chombo. Mgambo aweza kumzuia mwizi mlangoni, nasi twamshukuru. Lakini kumlipa mwashi haki yake si kazi yake wala hana uwezo nayo. Hiyo ni kazi ya wenye mji, na wasipoifanya, mgambo atazika wanyang'anyi wa leo na kuwangoja watoto wao.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi mzazi amwonapo mwanawe akishangilia kichwa cha VanCleef, asimwulize ameua wangapi. Amwulize: wale waashi, walilipwa?