Mgonjwa wa akili naye ana la kusema

Msomaji mpenzi, bila shaka umewahi kuliona jambo hili, kama si nyumbani kwako basi kwa jirani. Mgonjwa wa akili anapelekwa kliniki akiandamana na mama yake na kaka yake. Wanaketi wote watatu mbele ya daktari.

"Mama, siku hizi analala?"

"Analala kidogo tu, daktari."

"Na dawa anameza?"

"Tunamlazimisha."

Karatasi inaandikwa, sindano inadungwa, wanarudi nyumbani. Mwenye ugonjwa amekaa katikati yao muda wote huo na hakuna aliyemwambia hata hujambo.

Wengi wetu hatuoni kasoro hapo. Mtu akili zimemruka, atasema nini cha maana? Safu hii leo inalipinga wazo hilo, na ili hoja isibaki hewani naomba tufunge safari hadi Turkana, kaunti ambayo wakazi wa mjini huisikia hasa wakati wa kiangazi na njaa. Huko maisha hayana mzaha, na matibabu yaliyopangwa bila kumuuliza anayetibiwa huharibika upesi na kwa namna ambayo kila mtu anaweza kuiona.

Tuanzie Lodwar, makao makuu ya kaunti. Turkana ina zaidi ya kilomita mraba 68,000, yaani ni kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa, na katika hesabu ya mwaka 2019 walipatikana humo watu 926,976. Wengi wao ni wafugaji wanaohama na mifugo wakifuata maji na malisho. Joto la mchana hupita nyuzi 35 siku nyingi za mwaka.

Sasa chukua mfano wa kijana mchungaji, tuseme wa miaka ishirini na miwili, ambaye ameanza kusikia sauti zisizosikiwa na wenzake. Aghalabu jamaa zake watakuwa wamempeleka kwanza kwa emuron, mwaguzi wa Kiturkana, na mbuzi mmoja au wawili wamekwisha kuchinjwa kabla hajafikishwa hospitali. Hospitalini anapewa klopromazini, dawa iliyoanza kutumika duniani miaka ya 1950. Ni dawa yenye msaada. Sauti zinaweza kunyamaza. Lakini dawa hiyo hiyo huifanya ngozi iungue haraka juani, hupunguza uwezo wa mwili kujipoza wakati wa joto, na huleta usingizi mzito.

Kwa karani wa mjini usingizi ni kero tu. Kwa kijana anayelinda ng'ombe usiku, katika nchi ambako wizi wa mifugo hufanywa kwa bunduki, usingizi unaweza kuwamaliza watu wa boma zima. Basi anaziacha dawa. Baada ya miezi miwili anarudishwa akiwa amefungwa kamba, na kwenye faili panaandikwa kwamba mgonjwa ni mkaidi.

Mkaidi! Laiti angeulizwa maswali machache siku ile ya kwanza, muuguzi angejua kwamba huyu hushinda juani, kwamba usiku anatakiwa awe macho, na kwamba mwezi ujao atakuwa mbali, pengine karibu na mpaka wa Uganda. Hapo wangeweza kushauriana. Ipo dawa ya sindano, flufenazini, ambayo hudungwa mara moja tu kwa muda wa wiki kadhaa, ikikubaliwa mapema ni zahanati gani atakayopitia. Zipo dawa zenye usingizi mdogo zaidi. Pia ndugu zake wangeweza kuombwa wagawane zamu za usiku mpaka mwili wake uzoee. Na kama ni sindano, aambiwe kabla kwamba huenda mikono ikatetemeka au shingo ikajipinda, na kwamba kuna vidonge vya kuondoa hali hiyo. Asipoambiwa, siku shingo itakapopinda ataamini amerogwa upya, na nani atamlaumu?

Mambo haya hayamo katika kitabu chochote cha udaktari. Yanajulikana na mtu mmoja tu, naye ndiye tunayempita tukienda kumuuliza mama yake.

Kutoka Lodwar, ukifuata barabara ya kwenda Lokichoggio kwa kilomita kama 120, unafika Kakuma. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa hapo mwaka 1992, vijana wa Sudan walipokuwa wakiwasili kwa miguu. Baadaye wakaja Wasomali, Wahabeshi, Wakongo, Warundi na wengine. Pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyoanzishwa karibu nayo, leo hapo wanaishi watu wapatao laki tatu.

Huko swali la kwanza la matibabu ni lugha. Mama aliyetendewa unyama vitani anaingia kwa mhudumu asiyejua lugha yake, na mkalimani anayepatikana ni jirani, au mwanawe wa miaka kumi anayejua Kiswahili cha shule. Mama huyo atasema nini mbele ya mtoto wake? Atasema kichwa kinamuuma. Atapewa tembe za maumivu na ataendelea kukesha usiku akiona yale yale. Kumuuliza mapema angependa nani amtafsirie, mwanamume au mwanamke, wa kabila lake au la, hakugharimu hata senti moja. Shirika la Kijesuiti la kuwahudumia wakimbizi, JRS, ambalo limefanya kazi Kakuma kwa miaka mingi, limekuwa likiwafunza wakimbizi wenyewe kuwa washauri wa wenzao, na mtu akielewa tatizo hili la lugha ataona faida yake bila kuhubiriwa.

Halafu kuna tumbo. Baadhi ya dawa za akili huongeza hamu ya kula, tena si kidogo. Katika mwaka 2025, fedha za misaada zilipokauka, mgao wa chakula Kakuma ulishushwa hadi chini ya thuluthi moja ya kiwango kinachohitajika, na watu wakaandamana. Ebu jiweke mahali pa mgonjwa ambaye tembe yake ya jioni inamletea njaa ya simba na chungu ni kitupu. Kuiacha tembe hiyo si wazimu. Ni hesabu ambayo mtu yeyote mwenye akili timamu angeipiga, na mhudumu asiyeijua hesabu hiyo ataongeza dozi.

Nchi yetu ina historia ndefu ya kutowauliza wagonjwa hawa. Mathari ya Nairobi ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910, enzi za mkoloni, na mmoja wa wakuu wake, Daktari J. C. Carothers, aliandika kitabu kizima kuhusu akili ya Mwafrika ambacho Shirika la Afya Duniani lilikichapisha mwaka 1953. Alitueleza tulivyo bila ya kutuuliza. Miaka sitini baadaye, Mei 2013, wagonjwa 40 walitoroka hospitalini humo kwa siku moja. Magazeti yalijaa vichekesho. Ni wachache waliojishughulisha kutaka kujua walikuwa wanakimbia nini.

Kwa upande wa sheria, mambo yamebadilika. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 ilirekebishwa Juni 2022, na sasa inatamka kwamba mgonjwa ana haki ya kuelezwa matibabu yake, kutoa idhini na kushiriki katika kuyapanga. Serikali za kaunti nazo zimetwikwa jukumu la huduma hizi, ili mtu wa Kakuma asilazimike kusafirishwa kilomita mamia hadi Nairobi. Tena Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria za jinai, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakwenda kinyume cha Katiba. Kabla ya hapo ulikuwa ukimwomba mtu akufungulie moyo ilhali jibu la kweli lingeweza kumpeleka korokoroni.

Najua kuna mzazi anayesoma haya akisonya. Mwandishi huyu, anasema, hajawahi kuamshwa saa nane za usiku na mtoto mwenye panga. Hoja hiyo nzito siwezi kuiruka. Kuna saa ambazo mgonjwa hawezi kuamua, na sheria yenyewe inatambua hali ya dharura. Lakini saa hizo huwa chache kuliko tunavyodhani. Kati ya dhoruba moja na nyingine hupita miezi, pengine miaka, ambamo mtu huyo anajua vizuri kilichomsaidia na kilichomuumiza.

Majirani zetu wameliona hilo. Katika hospitali ya Butabika jijini Kampala, na pia Dar es Salaam, watu waliopata nafuu wamefunzwa kuwasaidia wagonjwa wapya. Mtu aliyewahi kulala kitanda kile kile anasikilizwa kuliko profesa, hasa anapoeleza kwamba kupata nafuu huenda kusiwe kunyamaza kwa kila sauti, kwamba unaweza kurudi kwa mifugo yako, darasani au kwa mumeo huku sauti moja ikinong'ona kwa mbali. Hapa Kenya, chama cha USP Kenya kinawaunganisha wenye maradhi haya wajisemee wenyewe.

Basi kama nyumbani mnaye, msisubiri dhoruba. Chagueni siku tulivu, mtu ameoga na amekunywa chai, mumwombe aseme, ninyi mwandike. Dawa gani ilimfaa na ipi ilimtesa. Dalili gani huja kwanza. Huenda ni kukosa usingizi siku tatu, huenda ni kuacha kusalimu watu. Akizidiwa apelekwe wapi, na kitu gani asifanyiwe kamwe. Kama ameacha dawa aseme bila kugombezwa, kwa sababu kuziacha ghafla kuna hatari yake na muuguzi anahitaji kujua. Msichana naye aulizwe kama anatarajia kuzaa, maana baadhi ya dawa, kama valproeti, humdhuru mtoto tumboni. Kule kwa wafugaji, ambako wengi hawakusoma, kazi hiyo ya kuandika inaweza kufanywa na muuguzi ndani ya faili.

Nakala moja ibaki kwake mwenyewe, ya pili kliniki, na ya tatu apewe mtu ambaye mgonjwa amemchagua ampiganie siku akizidiwa. Msishangae wala kununa kama hatamchagua mama wala kaka.