Kuzima Mluzi wa Pedali ya Gitaa
Pedali ya gitaa iliyoundwa nyumbani hupiga mluzi pale sauti iliyokwisha kukuzwa inapovuja kutoka upande wa kutokea na kurudi upande wa kuingilia, ikakuzwa tena bila kikomo. Uchunguzi huanzia kwenye umeme: adapta huondolewa na kuwekwa betri mpya ya volti 9. Kelele ikikoma, adapta ndiyo ya kushughulikiwa. Mdundo wa taratibu, kama injini ya mashua, kwa kawaida huashiria kwamba hatua za ukuzaji zinaathiriana kupitia njia ya umeme. Kapasita ya maikrofaradi 100 kati ya njia hiyo na ethi mara nyingi huutuliza. Mluzi mwembamba unaobadilika waya zinaposogezwa hutokana na mpangilio: waya wa kuingiza sauti utenganishwe na wa kutoa, ufupishwe, au uwe wenye kinga iliyounganishwa na ethi upande mmoja. Kasha la chuma nalo liunganishwe na ethi. Mluzi ukibaki, kapasita ndogo ya pikofaradi 47 hadi 100 kati ya kolekta na besi ya transista hupunguza ukuzaji wa masafa ya juu. Badiliko moja lifanywe kwa wakati mmoja, ndipo chanzo kijulikane kwa hakika.