Mitego ya waya ing'olewe Udzungwa

Katika misitu ya milima ya Udzungwa, upande wa Kilolo na Mufindi, muuaji mkubwa wa wanyama hana bunduki. Ni kitanzi cha waya kilichofungwa kwenye mti mchanga uliopindwa, kikafichwa chini ya majani katikati ya mapito yao. Kitanzi hakichagui dume wala jike mwenye mimba, na huendelea kunasa hata aliyekitega akikisahau.

Miongoni mwa wanaonaswa ni minde, mnyama ambaye duniani kote hupatikana Tanzania pekee. Tukimmaliza hapa, hakuna nchi ya kumwazima.

Hatupingi uwindaji. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inaruhusu uwindaji wa leseni, wenye mgawo na msimu, lakini inakataza mitego ya namna hii.

Wakala wa Huduma za Misitu na halmashauri waongeze doria za kung'oa mitego, wakiajiri vijana wa vijiji vinavyopakana na msitu. Sambamba na hilo, ufugaji wa kuku na samaki upewe fedha, kwani familia isiyo na kitoweo haiwezi kulishwa makatazo.