Chungu cha Kwale nacho kinastahili maabara

Katika kijiji cha Wasini, ng'ambo ya Shimoni katika kaunti ya Kwale, Kenya, limesimama kaburi la mnara lililopambwa kwa vyombo vya kaure kutoka Uchina, vilivyopachikwa ndani ya chokaa. Kaskazini, kule Mambrui, kuna kaburi jingine la namna hiyo. Mgeni akipitishwa Wasini huambiwa kwamba biashara ya Uchina ilifika pwani hii tangu zamani, anapiga picha, kisha anapelekwa kula kaa. Hayo ni maelezo machache mno kwa chombo chenye mengi ya kusema, maana siku hizi kaure inaweza kueleza ilichomwa katika tanuri gani. Na chungu cha udongo wa hapa hapa Kwale, ambacho hakuna anayekipiga picha, kinaweza kueleza makubwa zaidi.

Wachina wenyewe wameonyesha njia. Mwaka 1974 wakulima waliokuwa wakichimba kisima Lintong, karibu na Xi'an, waliibua vipande vya sanamu za udongo. Likawa ndilo jeshi la mfalme Qin Shihuang, linalokadiriwa kuwa na askari wapatao 8,000, kila mmoja na sura yake. Kwa miaka mingi watu walishangazwa na nyuso. Kisha mwaka 2017 Patrick Quinn wa University College London, pamoja na wenzake wa Uchina, wakachapisha utafiti uliotazama udongo. Walichukua vipande vidogo vya sanamu, wakavisaga hadi vikawa vyembamba kiasi cha milimita 0.03, mwanga ukapenya, wakavitia chini ya hadubini. Chembe za mchanga zikasimulia kazi yote: udongo ulichimbwa karibu na kaburi la mfalme, sanamu zilitiwa mchanga ili zistahimili moto, na matofali ya sakafu hayakutiwa. Mchanganyiko wa sanamu ulifanana sana, dalili kwamba udongo uliandaliwa mahali pamoja ndipo ukagawiwa kwa mafundi wa karakana mbalimbali. Utaratibu wa dola uliokuwapo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita umesomwa kutoka kwenye chembe za mchanga.

Kwa kaure ngumu, inayong'aa, watafiti hupenda kifaa kingine: mashine ya eksirei ya mkononi, yenye umbo la kikausha nywele cha saluni. Hugusishwa kwenye chombo, mionzi hutikisa atomi za udongo na rangi, nazo hurudisha mionzi yake. Kila elementi hurudisha kwa nguvu yake maalumu, kwa hiyo chuma hakichanganyiki na stronti wala zirkoni. Chombo hakitobolewi wala hakichubuliwi. Kwa njia hiyo watafiti wa Makumbusho ya Field, Chicago, walitambua mwaka 2019 maeneo ya tanuri zilizochoma kaure nyeupe iliyozama na jahazi katika Bahari ya Java.

Pwani yetu inakihitaji kifaa hicho kuliko wengi wanavyodhani. Bakuli la kijani la Longquan, jimbo la Zhejiang, liliigwa na mafundi wa majimbo mengine ya Uchina, na vyombo vya kijani vilichomwa Siam pia. Macho ya mtaalamu huweza kupotea. Au chukua sahani ya buluu na nyeupe. Buluu ile ni kobalti. Wafinyanzi wa Jingdezhen walipotumia kobalti iliyoagizwa kutoka nchi za Kiislamu, rangi ilikuwa na chuma kingi na manganisi kidogo. Walipotumia ya kwao, manganisi ilizidi. Kwa hiyo sahani moja ya pwani inaweza kubeba madini yaliyotoka magharibi ya Asia, yakafika Uchina, yakarudi baharini hadi Afrika Mashariki. Safari yote hiyo imo ndani ya mstari wa rangi usiozidi upana wa ukucha.

Lakini lazima isemwe wazi: mashine hutaja tanuri, haimtaji nahodha. Kaure ilipita mikononi mwa wafanyabiashara wa Ghuba na wa Bara Hindi kabla ya kushushwa kwetu, na kigae cha Longquan hakithibitishi kwamba Mchina alikanyaga mchanga wa hapo. Mwaka 2010 sarafu ya enzi ya mfalme Yongle ilipatikana Mambrui katika uchimbaji wa wataalamu wa Kenya na Uchina, na habari zikaenea haraka zikihusishwa na misafara ya Zheng He, amiri wa bahari wa Uchina. Uhusiano wa Kenya na Uchina una hotuba zake, na hotuba hupenda vigae. Sayansi inayoheshimika haina budi kukataa kutumwa kazi ya kupamba hotuba.

Na hapa ndipo Kwale inapojisahau.

Katika miaka ya 1960 mwanaakiolojia Robert Soper alichimba karibu na mji wa Kwale akapata vyungu vya wakulima na wafua chuma wa mwanzo, vya takriban karne ya 3. Midomo yake imekatwa mshazari na kuchorwa mistari kwa ustadi mkubwa. Vyungu vya jamii hiyo vimeonekana pia Usambara na Upare, na wasomi wa nchi mbalimbali huviita kwa jina la Kwale. Kaure ya kwanza ya Uchina ilianza kufika visiwa vya Lamu, huko Manda na Shanga, takriban karne ya 9. Chungu cha Kwale kimeitangulia kwa karne kadhaa. Mtoto wa Msambweni au Matuga anaweza kumaliza shule bila kulisikia jambo hilo, ilhali habari za kaure anazo.

Basi chungu hicho kipimwe kama alivyopimwa askari wa Xi'an, na Kwale ina bahati ya kipekee katika kazi hiyo. Mchanga wa Maumba na Nguluku una madini mazito, ilmenaiti na rutaili zenye titani, pamoja na zirkoni, ndiyo maana kampuni ya Base Titanium iliyachimba tangu 2013 hadi mwisho wa 2024. Mfinyanzi wa kale aliyetia mchanga wa sehemu hizo kwenye udongo wake anatarajiwa kuwa aliacha titani na zirkoni nyingi kwenye chungu. Chungu kilichotoka bara zaidi kitakuwa na alama nyingine. Kwa tofauti hiyo ingejulikana vyungu vilisafiri wapi, nani alimpelekea nani, na pengine kama wanawake walioolewa mbali walikwenda na ufundi wao. Tena katika uchimbaji wa mchanga mzito eksirei ndicho kipimo cha kila siku. Wapo vijana wa Kwale walioizoea kazi ya maabara ya mgodi, na sasa mgodi umefungwa.

Wafinyanzi waliopo leo nao wawemo tangu siku ya kwanza. Mama anayefinyanga vyungu anajua udongo wa bonde lipi hupasuka motoni na upi huhitaji mchanga, na bila sampuli za machimbo anayoyajua yeye, namba za mashine hazina cha kulinganishwa nacho.

Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Kitaifa ya 2006 inalinda vitu vya kale vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, na kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Hata hivyo Diani inajengwa kwa kasi, misingi ya nyumba inachimbwa, na kigae chekundu kikiibuka hutupwa pamoja na kifusi. Serikali ya kaunti inayotoa vibali vya ujenzi ingeweza kudai mtaalamu atazame shimo kabla ya zege kumwagwa.

Kazi ya kwanza ni ndogo: kupima vigae vya Kwale vilivyohifadhiwa, kisha mchanga wa Maumba, kisha udongo wa wafinyanzi, na kuchapisha matokeo kwa Kiswahili. Inahitaji makubaliano kati ya kaunti na Makumbusho ya Kitaifa, mashine moja ya kuazima, na vijana wawili watatu wa pwani wenye kuijua.