MAONI YANGU: TUCHAGUE KWA SIKIO, SI KWA WINGI



Wahenga walinena kwamba ya kale ni dhahabu. Nakubali, lakini dhahabu nayo huweza kupakwa matope. Siku hizi nyimbo za bendi zetu za zamani zimerudi kwa wingi. Ukitoka River Road hadi Kangemi na Kawangware, utauziwa fleshi yenye nyimbo mia tatu za "zilipendwa" kwa bei ya sahani ya chipsi. Swali langu ni hili: je, kila kilichorudi kimerudi kizima? Mimi nasema la, hasha! Kwa hivyo chama chetu kinapopanga kununua nyimbo za maktaba, kichague kwa sikio.

Kwanza tuelewane kuhusu neno "jazz". Kule Marekani ni muziki wa akina Miles Davis na John Coltrane. Kwetu sisi lilikuwa jina la bendi ya dansi tu: Dar es Salaam Jazz iliyoanza 1932, Morogoro Jazz iliyoanza 1944, Western Jazz, na Shirati Jazz ya D.O. Misiani. Usiingie kwa Misiani ukitafuta tarumbeta za New Orleans, bwana. Utapokelewa na magitaa ya benga!

Sasa, toleo zuri la nyimbo hizi hujulikanaje? Mimi nina vipimo vitano.

Kipimo cha kwanza ni ukamilifu. Miaka ya 1970 Nairobi ilikuwa jiko la muziki wa Afrika Mashariki, na hata duka kama Melodica, Mtaa wa Tom Mboya, lilitoa santuri zake lenyewe. Nyingi zilikuwa santuri ndogo zinazozunguka mara 45 kwa dakika. Wimbo mrefu haukutosha upande mmoja, basi ulikatwa: sehemu ya kwanza huku, sehemu ya pili kule nyuma. Aghalabu katika sehemu ya pili ndipo magitaa huachiwa uwanja. "Sina Makosa" ya Les Wanyika, bendi iliyoundwa hapa Nairobi mwaka 1978, ilitoka hivyo hivyo. Toleo likikupa sehemu ya kwanza pekee, umeuziwa nusu mbuzi.

Kipimo cha pili ni usafi, lakini usafi wa kiasi. Kanda mama ya studio ikipatikana, hiyo ndiyo bora. Isipopatikana, wimbo hunakiliwa kutoka kwa santuri, na hilo si kosa mradi santuri yenyewe haijachakaa. Kosa ni kuosha kupita kiasi. Mtu anaondoa mikwaruzo kwa kompyuta mpaka anaondoa na mlio wa matoazi na pumzi ya mwimbaji. Mimi afadhali nisikie mkwaruzo kidogo na bendi iwe hai.

Kipimo cha tatu ni mwendo. Hata wakubwa hukosea hapa. Albamu ya Miles Davis iitwayo Kind of Blue, iliyotoka 1959, ilikuwa na nyimbo tatu za upande wa kwanza zilizokwenda kasi kidogo kuliko zilivyopigwa, kwa sababu mashine ya kurekodi ilikuwa ikienda polepole. Kosa hilo lilirekebishwa miaka ya 1990 tu. Kama kampuni kubwa iliteleza, sembuse mtu wa kibandani anayenakili nakala ya nakala? Niliwahi kusikia fleshi iliyonunuliwa katikati ya jiji, duka silitaji, ambamo sauti ya Mbaraka Mwinshehe ilikuwa nyembamba kama ya mtoto wa darasa la pili. Babu yangu, aliyemsikiliza Mbaraka redioni enzi zake, alicheka, kisha akanyamaza kimya.

Kipimo cha nne, na kwangu ndicho kikuu, ni maneno. Sisi ni wana Kiswahili au sivyo? Mbaraka aliiacha Morogoro Jazz, akaunda Super Volcano mwaka 1973, na akafariki Januari 1979 baada ya ajali ya gari huko Mombasa. Hatatuimbia tena. Matamshi yake, utani wake na mafumbo yake yamebaki ndani ya rekodi tu. Wimbo ukinakiliwa mara nyingi, sauti kama s, sh na f ndizo huzama mapema. "Shida" inakuwa "hida", nasi tunanukuu upuzi daftarini halafu tunauita uchambuzi wa fasihi. Jamani!

Kipimo cha tano ni haki. Toleo la heshima hutaja bendi, mtunzi na mwaka. Tazama Kenya Special ya kampuni ya Soundway ya London (2013), au toleo la tatu la mfululizo wa Zanzibara wa Buda Musique ya Ufaransa (2007), lenye bendi za Tanzania za miaka ya 1960. Mimi nawapongeza zaidi Ketebul Music wa papa hapa Nairobi, ambao mwaka 2008 walitoa Retracing the Benga Rhythm pamoja na kijitabu cha historia na filamu. Linganisha na fleshi iliyoandikwa "wimbo wa 07" basi. Mtunzi hatajwi, na watoto wake hawapati hata ndururu.

Najua mwenzangu mmoja atauliza, "Pesa ziko wapi?" Haki yake. Lakini kulinganisha hakugharimu kitu. Chukua simu, tia vile vidude vya masikioni, sikiliza matoleo mawili ya wimbo mmoja. Je, gitaa la besi lasikika peke yake? Maneno yote yanaandikika? Kisha tuchange kidogo kidogo, haba na haba hujaza kibaba, tununue toleo moja halali kila mwaka. Anayependa santuri zenyewe azitafute Kenyatta Market, ila akague mikwaruzo mwangani kabla ya kulipa.

Nyimbo kumi zinazosikika ni mali kuliko mia tatu zinazonguruma. Wazee wetu waliimba wakitaka tuwaelewe. Tusikubali kuuziwa kivuli chao.

Wenu katika Kiswahili,
Mwanachama, Kidato cha Tatu