Tugeuze Picha, Tusome Nyuma

Mwaka huu nimeonelea nisiandike juu ya nidhamu wala usafi, maana hayo yameandikwa sana. Nataka kusema juu ya picha za zamani zilizo nyumbani kwetu, zile zinazokaa ndani ya mkebe wa biskuti au katikati ya kurasa za Biblia, na hasa juu ya maandishi ya mkono yaliyo nyuma yake. Maoni yangu ni kwamba tunayapuuza maandishi hayo, na kwamba sisi vijana ndio tunaopaswa kuyasoma sasa, wazee wangali hai. Nitaanza na aibu iliyotupata sisi wenyewe.

Mnamo Agosti 2024 babu yangu, ambaye nyumbani tulimwita guka, alifariki akiwa na umri wa miaka 87. Ilihitajika picha ya ujana wake ya kutia kwenye programu ya mazishi. Tukaufungua mkebe wake, tukapata picha moja ya kijana aliyevaa koti na tai, ameweka mkono juu ya kiti. Nyuma yake palikuwa na maandishi ya wino, lakini maji yalikuwa yamewahi kuingia, yakaacha doa la hudhurungi. Tulichoweza kusoma ni kitu kimoja tu: jina la guka. Jina hilo nalijua vizuri kwa sababu ni langu pia. Mimi ni kifungua mimba wa mwanawe, na kwa desturi yetu Wakikuyu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la baba ya baba yake. Basi hakuna aliyekuwa na shaka. Picha ikachapishwa ukurasa wa kwanza, nakala 300.

Siku ya mazishi dada yake guka, cucu wa miaka 82, aliishika programu akaisogeza karibu na macho, kisha akaiweka mbali. Akauliza kwa sauti, "Huyu mmemtoa wapi?" Tulidhani ni uzee. Akasema, "Huyu si yule mnayemzika. Huyu ni mkubwa wetu, aliyeenda Nairobi." Watu wote wakanyamaza. Kumbe tulikuwa tunamsindikiza guka kwa sura ya kaka yake, kaka aliyetoka hapa Wamagana akiwa kijana na hakurudi, na ambaye kaburi lake halijulikani hadi leo.

Matanga yalipokwisha niliichukua ile picha usiku, nikawasha tochi ya simu na kuilaza karibu na karatasi, mwanga upite kwa ubavu. Kalamu ya zamani ilikuwa na ncha ya chuma, na mahali ilipopita pamebonyea kidogo hata kama wino umefifia. Ndipo nikaona herufi tatu chini ya doa, kabla ya jina la guka: "Kwa". Jina lile halikuwa la aliyepigwa picha, lilikuwa la aliyepelekewa picha! Guka alikuwa ameihifadhi picha ya kaka yake miaka 70, hakutuambia, na sisi hatukumuuliza. Majuto ni mjukuu, na katika habari hii mjukuu ni mimi.

Mstari wa pili ulisomeka "Ukumbusho wangu. Nbi", yaani Nairobi, kisha tarehe. Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Baba alisoma 14/2/54. Ami yangu, ambaye ndiye aliyepewa jina la yule kaka aliyepotea, alisoma 14/2/59. Jamani, msidhani ni ubishi wa bure. Tarehe 24 Aprili 1954 wanajeshi na polisi wa serikali ya kikoloni waliuzingira mji wa Nairobi katika ile Operesheni Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa ovyo mitaani na kazini, wakachujwa, na zaidi ya watu 20,000 wakatiwa vizuizini, wengi wakipelekwa Manyani na Mackinnon Road. Tangu mwaka huo nyumbani hawakupata habari zake tena. Sasa kama picha ni ya 1959, basi alipona, akatoka, akavaa koti, akamkumbuka mdogo wake. Ami alitaka iwe tisa. Hata mimi nilitaka iwe tisa.

Tuliacha kubishana tukatazama mkono wa mwandishi. Katika ile 14, nne yake iko wazi juu, na mstari wake wa kukata umepita kwenda kulia. Tarakimu ya mwisho ya mwaka ni vivyo hivyo: iko wazi juu, imekatwa, haina duara. Ni nne. Ilikuwa siku 69 kabla ya Anvil. Ami aliitazama kwa muda mrefu, akasema, "Haya basi," akatoka kwenda kuangalia ng'ombe. Nami nasema kwamba hata ukweli ule unaouma una faida. Sasa tunajua sura yake, tunajua alikuwa wapi siku ile, na ami anajua anafanana na nani.

Kuna wanaosema kwamba historia iko vitabuni, na kwamba karatasi za mkebe ni takataka. Mimi nakataa. Kabla ya uhuru wa 1963 wakoloni walichoma nyaraka nyingi na nyingine wakazisafirisha kwao. Ilipofika mwaka wa 2011 ndipo serikali ya Uingereza ikakiri kwamba ilikuwa imezificha faili hizo, na hiyo ni baada ya wazee wetu kuishtaki mahakamani London. Mwaka wa 2013 ikakubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Hali ya Hatari. Ikiwa wakubwa walizificha faili zao, je, sisi tutaitupa hata ile karatasi moja tuliyo nayo? Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wengine watasema wazee hawataki kuulizwa. Hilo ni kweli kwa baadhi yao. Hapa Tetu, alikozaliwa Dedan Kimathi, kuna nyumba ambamo ndugu mmoja aliingia msituni na mwingine akawa askari wa ulinzi wa serikali. Mzee akikwambia "iache hiyo", iache, umheshimu. Lakini wengi hawasemi kwa sababu hakuna aliyewauliza. Yule cucu alituambia mengi mchana mmoja tu, tukichambua maharagwe.

Tena tusiamini kila kilichoandikwa. Tuna picha nyingine ya harusi iliyoandikwa nyuma "1939" kwa biro. Nilipompelekea mwalimu wa Historia alicheka, akanieleza kwamba kalamu za biro zilianza kuuzwa kwa wingi baada ya Vita Vikuu vya Pili. Kwa hivyo mwaka ule aliuandika mtu baadaye sana, kwa kukumbuka. Huenda ni kweli, huenda alikosea. Andiko ni shahidi, na shahidi huhojiwa.

Ombi langu kwa wanachama ni hili. Likizo ijayo kila mmoja wetu aombe ruhusa atoe picha moja tu kwenye mkebe wa kwao. Asiipanguse kwa maji, wala asikoleze maandishi ya zamani kwa kalamu yake mwenyewe, maana akikosea amelifuta la kweli. Apige nyuma yake kwa simu, aikuze, kisha anakili kwenye daftari neno kwa neno jinsi lilivyo, hata kama limeandikwa vibaya. Asipoweza kusoma herufi aweke alama ya kuuliza, asibuni. Akipata jina, ajiulize: ni la aliyepigwa, la aliyepelekewa, au la mpigaji? Kisha ampelekee mzee, na aandike ni nani aliyemweleza na tarehe gani. Afanye upesi, kwa sababu baridi na unyevu wa Julai huku kwetu ndio chakula cha kuvu, na kuvu haingoji likizo.

Mwisho, tujitazame na sisi. Simu zetu zina picha mia nne mia tano, na hakuna hata moja yenye nyuma. Miaka 70 ijayo mjukuu wako atauliza, "Huyu aliyesimama karibu na shosho ni nani?" na hakutakuwa na doa la kumulika wala herufi ya kulinganisha. Chapisha chache unazozipenda. Ziandike nyuma kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza: majina kamili ya wote kutoka kushoto, mahali na tarehe. Na kama ni zawadi, usisahau kuandika "Kwa" ionekane vizuri.

Picha ile tumeirudisha kwenye mkebe wa guka, ndani ya bahasha, pamoja na karatasi yenye majina ya wote wawili. Hayo ndiyo maoni yangu. Anayepinga na anijibu katika toleo lijalo, ila kwanza ageuze picha moja ya kwao.