Vumbi la Kiangazi na Umeme wa Sola Majumbani Kibaha na Kisarawe

Mvua za masika zinapokoma, wilaya za Kibaha na Kisarawe mkoani Pwani huingia katika miezi kadhaa ya ukavu hadi vuli ya Oktoba. Malori ya mchanga, mkaa na mazao hupita katika barabara za udongo, na vumbi linalotimka hutua juu ya mapaa. Kwa nyumba inayotumia umeme wa sola, vumbi hilo ni hasara inayohesabika, ingawa lawama mara nyingi huangukia betri, fundi au muuzaji.

Suala hili haligusi watu wachache. Taarifa ya mwaka 2016 ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu na Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ilionesha kuwa katika kaya za Tanzania Bara zilizokuwa na umeme, takriban robo zilitumia sola; vijijini zilikaribia theluthi mbili. Tangu wakati huo gridi imepanuka sana. Serikali imefikisha umeme katika vijiji vyote 12,318, na kazi sasa imeelekezwa kwenye vitongoji 64,359. Hata hivyo, umeme kufika kijijini si sawa na kufika kila nyumba, na kaya iliyo mbali na nguzo bado huangaziwa na paneli yake.

Chukua mfano wa paneli ya wati 50 inayopata jua kali kwa saa nne na nusu. Ikiwa safi, na bila kuhesabu upotevu mwingine, hutoa wati-saa 225 kwa siku. Vumbi likizuia sehemu moja ya tano ya mwanga, wati-saa 45 hupotea, kiasi kinachotosha kuwasha taa ya wati tano kwa saa tisa. Mwenye mtambo wa kulipia kwa awamu kupitia simu hapunguziwi malipo kwa sababu hiyo. Analipa fedha ileile kwa mwanga pungufu.

Kinyesi cha kunguru au jani la mwembe lililonata huweza kuleta madhara makubwa kuliko ukubwa wake. Seli za paneli zimeungwa kwa mfuatano, hivyo seli moja ikifunikwa hubana mkondo wa umeme unaotoka kwa wenzake. Seli hiyo huweza pia kupata joto kali na kuungua taratibu. Katika maeneo haya ya miembe na mikorosho, kupunguza matawi yanayotia kivuli ni sehemu ya usafi wa paneli.

Gharama kubwa zaidi hujificha kwenye betri. Betri ya risasi na asidi isiyojaa kwa wiki nyingi hujenga ugumu wa salfeti kwenye bamba zake na kupoteza uwezo wa kutunza umeme. Mwenye nyumba hununua betri mpya, kisha anaiunganisha na paneli ileile yenye vumbi.

Usafi wenyewe ni rahisi. Wakati mzuri ni asubuhi na mapema au jioni, kioo kikiwa kimepoa, kwa kuwa maji baridi juu ya kioo cha moto huweza kukipasua. Vumbi hufagiliwa kwanza kwa brashi laini, kisha kioo hufutwa kwa kitambaa cha pamba na maji safi. Majivu, mchanga na stilwaya, vinavyong'arisha sufuria vizuri, hukwaruza kioo, na mkwaruzo hauondoki. Maji ya kisima chenye chumvi yakikaukia juu ya kioo huacha utando mweupe. Maji ya mvua yaliyokingwa yanafaa zaidi, na ndoo moja hutosha kwa paneli ndogo. Paneli iliyopasuka isimwagiwe maji kabisa, bali aitwe fundi.

Mara ngapi? Hakuna ratiba moja. Nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi inaweza kuhitaji usafi kila baada ya wiki mbili wakati wa kiangazi, na iliyo mbali kidogo, mara moja kwa mwezi. Wenye kidhibiti chaji kinachoonesha ampea wana kipimo cha uhakika: wasome namba saa sita mchana siku isiyo na mawingu, wasafishe jioni, kisha wasome tena kesho yake saa ileile na anga ya namna ileile. Namba isipobadilika, huenda vumbi silo tatizo, na ni vyema nyaya na viungio vikaguliwe.

Mafundi nao wana wajibu. Wilaya hizi ziko karibu digrii 7 kusini mwa Ikweta, hivyo paneli huelekezwa kaskazini. Ikilazwa bapa, hutuamisha maji na matope. Mwinamo wa digrii 10 hadi 15 huruhusu mvua kuisafisha. Pale mahali pasipo na hatari ya wizi, kuifunga kwenye nguzo fupi uani ni bora kuliko katikati ya paa. Bati huteleza, makuti hayahimili uzito wa mtu, na si haki kumpandisha mtoto juu kwa sababu tu ni mwepesi. Paneli iliyo juu ifikiwe kwa ngazi imara inayoshikwa na mtu wa pili, au kwa brashi yenye mpini mrefu.